Sigara Tatu na Juzuu Kumi na Moja: Uhakiki wa Riwaya za Vita za Harry Turtledove

Tarehe 13 Septemba 1862, karibu na mji wa Frederick katika jimbo la Maryland, askari wa jeshi la Muungano la Marekani waliokuwa wakijipumzisha shambani waliokota sigara tatu nene zilizozungushiwa karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa Amri Maalumu namba 191, ambamo Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la majimbo yaliyojitenga, alikuwa amepanga jinsi atakavyoligawa jeshi lake. Siku nne baadaye majeshi hayo mawili yalikutana Antietam, na kwa siku moja tu watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Lee alirudi nyuma, na Rais Abraham Lincoln akapata nafasi aliyokuwa akiingoja ya kutangaza, tarehe 22 Septemba, kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi watahesabiwa huru kuanzia 1 Januari 1863. Harry Turtledove, mwandishi wa riwaya wa Marekani, anabadilisha jambo moja tu katika kisa hiki. Mjumbe anapoziangusha karatasi zake, askari wa upande wake mwenyewe anaziona, anamwita na kumrudishia. Juzuu kumi na moja za riwaya, zilizotoka kati ya 1997 na 2007, zimezaliwa na uungwana huo mdogo wa njiani.

Nimezisoma zote, kwa Kiingereza, kwa muda wa karibu miaka miwili, na si kwa mpangilio uliopaswa, kwa kuwa vitabu vya mitumba haviji kwa foleni. Kwa msomaji ambaye hajaufahamu mfululizo huu, unaojulikana kwa jina la Southern Victory, mtiririko wake ni kama ifuatavyo. Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, inaishinda Kaskazini, yaani Muungano, katika vita vya kujitenga, na Uingereza na Ufaransa zinaitambua kuwa nchi. Juzuu ya kwanza, How Few Remain, inaruka hadi 1881, wakati Kusini inanunua majimbo ya Sonora na Chihuahua kutoka Mexico. Kaskazini inakataa kulivumilia jambo hilo, vita vinapiganwa tena, na Kaskazini inashindwa tena. Juzuu tatu zinazofuata zinasimulia Vita Vikuu vya 1914 hadi 1917 vikipiganwa katika ardhi ya Amerika yenyewe, Kaskazini ikiwa upande wa Ujerumani, Kusini ikiwa upande wa Uingereza na Ufaransa, na safari hii Kaskazini ndiyo inayoshinda. Tatu nyingine ni za miaka ya katikati, ambamo Kusini iliyoshindwa inaoza kwa mfumuko wa bei na kinyongo. Nne za mwisho ni vita vya 1941 hadi 1944. Nitalazimika kufichua baadhi ya yanayotokea, kwa sababu kanuni za usimulizi haziwezi kupimwa bila kuangalia zimemfikisha wapi mhusika. Anayetaka kushtukizwa na aishie hapa.

Hoja yangu ni moja. Turtledove ameichukua historia ya Ulaya ya kati ya 1914 na 1945 na kuivika Amerika kama kanzu iliyoshonewa mtu mwingine. Pale alipoikata upya ili imkae mvaaji, riwaya hizi zina uzito kuliko nyingi za vita nilizowahi kuzisoma. Pale alipoiacha ilivyo, mikono inaning'inia na kila mtu anaiona.

Tuanze na njia panda, yaani tukio linaloitenga historia ya kitabuni na historia iliyotokea. Mwaka 1992 Turtledove alikuwa tayari ametoa riwaya nyingine kuhusu vita hivyo hivyo vya Marekani, ambamo watu kutoka siku zijazo wanamletea Lee shehena za bunduki aina ya AK-47. Kisa hicho kinasisimua, lakini ni muujiza, na mwandishi akishajiruhusu muujiza mmoja hakuna wa kumzuia asilete wa pili. Katika mfululizo huu amejinyima ruhusa hiyo. Amri kuanguka ni jambo la kawaida. Kuokotwa na adui ndiko kulikokuwa kioja, na mwandishi ameondoa kioja badala ya kukiongeza. Turtledove ana shahada ya uzamivu katika historia ya Bizanti, na nadhani mafunzo hayo ndiyo yaliyompa ujasiri wa kuanza na tukio dogo kiasi hicho, kwa kuwa anayezisoma kumbukumbu za dola za kale hukutana kila mara na barua ambayo haikufika.

Sharti la pili la njia panda ni gumu zaidi, na hapo kamba imelegea. Ikiwa historia imegeuka mwaka 1862, basi waliozaliwa baadaye walipaswa wasizaliwe, au angalau wawe watu wengine. Hata hivyo tunamkuta George Patton, jenerali wa Marekani ambaye katika historia ya kweli alizaliwa 1885, akiongoza vifaru vya Kusini, na tunamkuta Franklin Roosevelt, ambaye katika historia ya kweli alizaliwa 1882 na kuwa rais wa Marekani, akishughulika na mradi wa bomu la atomiki huko Kaskazini, wote wakiwa na majina yale yale na tabia zile zile. Msomaji anatakiwa asiulize, kama asivyouliza katika ngano sungura alijifunzia wapi kusema. Mimi sikuuliza, ila nilikuwa nikikumbuka kwamba sijauliza, na hiyo si dalili nzuri.

Kuwatumia watu wa kweli kuna faida pale mwandishi anapowapa maisha waliyoyakosa. Juzuu ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoandikwa kwa nidhamu kubwa kuliko zote, inasimuliwa kupitia macho ya watu wanane, na wote ni watu wa historia. Lincoln, ambaye hakuuawa mwaka 1865 kwa kuwa alishapoteza uchaguzi, anazunguka nchi akiwahutubia wafanyakazi na kuelekea kwenye ujamaa. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kufutwa kwa utumwa, anaona kazi ya maisha yake ikiwa imekatwa katikati, na hotuba zake sasa zinawachosha hata waliokuwa wakimshangilia. Samuel Clemens, yaani Mark Twain, ni mhariri wa gazeti huko San Francisco siku Waingereza wanapoushambulia mji huo. Alfred von Schlieffen, mjumbe wa kijeshi wa Ujerumani ambaye katika historia ya kweli alikuja kubuni mpango wa kuivamia Ufaransa, anazichunguza kampeni za majenerali wa Kusini na kuanza kuwaza kuhusu Ufaransa. Hakuna anayeelewa maana ya anachokiona. Maana anaijua msomaji peke yake, na kicheko kinachotokea hapo ni cha chini chini na cha uchungu.

Mfano uliokolea zaidi ni George Armstrong Custer, ofisa wa jeshi la Marekani. Katika historia yetu aliuawa na wenyeji wa asili wa Amerika katika mapigano ya Little Bighorn mwezi Juni 1876 pamoja na askari aliowaongoza. Katika mfululizo huu anaishi hadi uzeeni, anakuwa jenerali katika Vita Vikuu, mnene wa majivuno, mpenda pombe na sifa, akiwamimina vijana kwenye mahandaki ya Kentucky na Tennessee bila kujifunza chochote. Msaidizi wake, Abner Dowling, anamchukia kwa dhati na anatuonyesha kila upumbavu wake. Kisha mwandishi anafanya jambo la ujanja. Wakuu wa jeshi wameagiza magari ya deraya yasambazwe kidogo kidogo kati ya askari wa miguu. Custer, kwa ukaidi ule ule uliomfanya awe balaa, anakaidi amri, anayakusanya pamoja, anadanganya katika taarifa zake na kuvunja safu ya adui. Kasoro ya mhusika haikurekebishwa. Hali imebadilika tu, na kasoro ikapata kazi ya kufanya. Dowling anabaki ameduwaa, nami nilibaki naye.

Magari hayo ya deraya yananipeleka kwenye suala la majina, ambalo ni dogo lakini linastahili kusemwa. Wamarekani wa riwaya hizi hawayaiti kwa jina tulilozoea kulisikia kwa Kiingereza, wanayaita mapipa. Mwanzoni nilidhani ni madoido. Kisha nikakumbuka kwamba jina la Kiingereza la kweli lenyewe lilikuwa la kuficha siri, kana kwamba kiwandani kulikuwa kunatengenezwa matangi ya maji, na kwamba sisi tuliyatazama magari hayo hayo tukaona kifaru mwenye pembe. Kama Waingereza wa 1916 wangechagua uongo mwingine, dunia nzima ingesema neno jingine. Kwa kubadilisha neno moja, mwandishi anamkumbusha msomaji katika kila ukurasa wa vita kwamba yuko nchi nyingine, na hahitaji maelezo ya ziada. Laiti angekuwa na uchache huo wa maneno katika mambo mengine.

Kuanzia juzuu ya pili mpango wa usimulizi unabadilika. Watu mashuhuri wanasogezwa pembeni, na macho tunayoyaazima sasa ni ya watu wa kubuni, zaidi ya kumi na wawili kwa wakati mmoja: mvuvi wa Boston na mkewe, mkulima Mfaransa wa Quebec, mwanamke mwenye mgahawa wa kahawa katika Washington iliyotekwa, rubani, baharia, nahodha wa manowari, bibi mwenye shamba la pamba huko South Carolina, mwanasiasa Myahudi kijana wa New York. Kila mmoja anapewa kurasa chache, kisha tunahamia kwa mwingine, na zamu inamrudia baada ya kurasa nyingi. Hapa vita haviwi na shujaa. Hakuna anayejua kinachoendelea zaidi ya handaki lake, na ushindi wa mmoja katika sehemu moja ndio jeneza la mwingine tuliyemzoea katika sehemu ya pili. Kwa vita vya mahandaki, ambavyo kwa asili yake havina mtiririko wa kisa, sijui njia iliyo bora kuliko hii.

Gharama yake ni urudiaji. Baharia Sam Carsten ana ngozi nyeupe mno inayoungua juani, na hatuambiwi hivyo mara moja wala mara kumi. Tunaambiwa karibu kila tunapomkuta, pamoja na habari za dawa anayojipaka usoni. Kila mhusika ana kibwagizo chake cha namna hiyo. Ninaelewa sababu. Vitabu hivi vilitoka kwa umbali wa takriban mwaka mmoja mmoja, na msomaji wa 2001 alihitaji kukumbushwa nani ni nani, kama msimulizi wa usiku anavyowakumbusha watoto jana tuliishia wapi. Lakini msimulizi wa usiku hukumbusha mara moja, mwanzoni, kisha huendelea. Anayezisoma leo mfululizo, kitabu juu ya kitabu, atajikuta akiruka aya, na akishaanza kuruka atakuwa ameruka na vitu vizuri. Matukio ya mapenzi nayo yameandikwa kwa mkono ule ule wa kurudia. Sitaki kuyasema zaidi.

Kifo cha mhusika nacho kina kanuni yake: anayekufa huacha zamu yake kwa ndugu. Kanuni hii inafanya kazi vizuri zaidi kwa familia ya Arthur McGregor, mkulima wa Manitoba, Kanada, inayokaliwa na jeshi la Kaskazini. Wakaliaji wanamuua mwanawe kijana, Alexander, kwa kumshuku kushirikiana na wahujumu. McGregor ni mtu mkimya, mcha Mungu, anayejua kutengeneza vitu kwa mikono yake. Anaanza kutengeneza mabomu. Kurasa za mtu huyu akichimba shimo chini ya gurudumu la zamani ghalani ili kuficha zana zake, akirudi nyumbani kula chakula cha jioni na mke wake bila kusema neno, ni miongoni mwa bora kabisa katika mfululizo mzima, kwa sababu hakuna tukio mashuhuri la Ulaya linalozisukuma. Zinasukumwa na msiba wa nyumba moja. Anapokufa kwa bomu lake mwenyewe, binti yake Mary anairithi kazi ile, na tunajua tangu siku hiyo atakavyoishia, ingawa miaka inapita kabla hajafika huko.

Sasa nifike kwenye kanzu yenyewe. Baada ya kushindwa mwaka 1917, Kusini inageuka kuwa Ujerumani ya baada ya 1918: fedha isiyo na thamani, askari wa zamani wasio na kazi, na chama kidogo cha wenye hasira kinachotekwa na sajini wa mizinga aitwaye Jake Featherston, anayepanda hadi kuchaguliwa rais mwaka 1933. Featherston ana daftari lake la kinyongo, ana walinzi wenye marungu, ana sauti ya redioni. Msomaji anayejua historia ya Hitler anajua kila kituo ambacho treni hii itasimama. Mwandishi amejitahidi kumpa chanzo chake mwenyewe: Featherston alimtolea taarifa mtumishi mweusi wa kapteni wake kwamba ni mshiriki wa uasi, kapteni akamkingia mtumishi kifua, uasi ukatokea kweli, na baba wa kapteni, mkubwa katika wizara ya vita, akahakikisha kwamba sajini aliyekuwa sahihi hapandishwi cheo hata siku moja. Chuki yake dhidi ya mabwana wa ukoo na dhidi ya weusi inatoka sehemu moja, na inaaminika. Tatizo ni kwamba akishafika madarakani mtu huyu wa mizinga anakoma kuwa mtu na kuwa ratiba.

Linganisha mambo mawili. La kwanza ni Pittsburgh. Katika vita vya pili majeshi ya Kusini yanaingia katika mji huo wa viwanda, yanakwama nyumba kwa nyumba, yanazingirwa wakati wa baridi, kamanda anaomba ruhusa ya kutoka, na rais anamkatalia. Anayejua mapigano ya Stalingrad, ambako jeshi la Ujerumani lilizingirwa na Warusi hadi likasalimu amri tarehe 2 Februari 1943, anaweza kuweka kitabu chini, akapika chai, na kurudi akijua ni nani amezingirwa na nani atasalimu amri. Mapigano yameandikwa kwa ustadi, milio iko mahali pake, moshi uko mahali pake, lakini wasiwasi haupo, kwa kuwa uamuzi haufanywi na yeyote aliye ndani ya kitabu. Umeshafanywa na historia ya mahali pengine.

La pili ni Jefferson Pinkard. Tunakutana naye mwaka 1914 akiwa mfua chuma katika kiwanda cha Birmingham, Alabama, mtu wa kawaida kabisa, anayempenda mkewe na kuelewana na jirani yake. Vita vinapowachukua wazungu, weusi wanaletwa kufanya kazi kando yake, naye, baada ya kununa, anaanza kumheshimu mwenzake mweusi kwa kuwa kazi anaiweza. Kisha anaitwa jeshini, anarudi na kumkuta mkewe na jirani yake yule yule, anajiunga na chama cha Featherston kwa sababu mikutano inampa pa kwenda jioni, anapelekwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Mexico, na huko, kwa sababu tu hakuna mwingine wa kuifanya, anasimamia kambi ya wafungwa. Anagundua kwamba anaijua kazi hiyo. Miaka baadaye anaongoza kambi ya weusi huko Louisiana, ambako walinzi wanawapeleka wafungwa msituni kuwapiga risasi, na mlinzi mmoja, akiwa ameshindwa kubeba anachokifanya, anajiua kwa moshi wa gari lake. Pinkard anaupokea msiba huo kwa huzuni ya kweli. Anamwonea huruma mjane, baadaye anamuoa. Na katika huzuni hiyo hiyo anafikiri juu ya moshi wa gari, na anaagiza malori yaliyozibwa.

Magari ya namna hiyo yalikuwepo katika historia ya kweli, na Wanazi waliyatumia. Kwa hiyo hapa pia mwandishi ananakili. Lakini tofauti na Pittsburgh, ameitafutia nakala yake chanzo ndani ya moyo wa mtu tuliyemfahamu kwa juzuu saba, tuliyekaa naye mezani, na chanzo chenyewe si ukatili. Ni upole wa msimamizi anayetaka kuwapunguzia vijana wake mzigo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu na sikukifungua kwa siku tatu. Hii ndiyo maana ya kuikata kanzu upya. Tukio ni lile lile tulilolisoma katika vitabu vya historia, lakini halikuja kwa sababu ratiba ilisema lije.

Kuna sehemu moja ambamo mwandishi anaiacha ratiba kabisa, na ningependa angeiacha mara nyingi zaidi. Clarence Potter, ofisa wa ujasusi wa zamani wa Kusini, mtu msomi anayemdharau Featherston tangu mwanzo, anakwenda Richmond wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1936 akiwa na bastola, amedhamiria kumuua rais. Kabla hajafanya lolote, mtu mweusi anayeuza vinywaji uwanjani anaanza kumfyatulia rais risasi. Potter, bila kufikiri, anamuua mpigaji huyo. Amemwokoa mtu aliyekuja kumuua, na kwa malipo anarudishwa jeshini, ambako ataitumikia kwa uwezo wake wote serikali anayoichukia. Kwa nini alifyatua? Mwandishi hasemi kwa maneno mengi. Risasi zingeweza kumpata yeye, labda. Askari hujibu risasi, labda. Au labda, hata kwa mtu mwerevu namna ile, kumwona mweusi akimpiga mzungu kulikuwa kitu ambacho mkono wake ulikijibu kabla ya akili. Sijui katika Ulaya ya kweli tukio lolote linalofanana na hili, na ndiyo maana lina uhai.

Nimeyataja mara kadhaa maisha ya weusi katika riwaya hizi, na ni lazima niyasemee peke yake, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya nisiuache mfululizo njiani. Utumwa wa Kusini unafutwa katika miaka ya 1880 kwa shinikizo la Uingereza na Ufaransa, lakini unafutwa kwenye karatasi tu. Mweusi wa Kusini si raia. Ni mkazi, hana jina la ukoo, na hatembei bila kitambulisho cha kuonyesha anapodaiwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Kuanzia takriban mwaka 1920 wanaume wa Kiafrika nchini Kenya walivishwa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na neno hilo linaeleza karatasi ya Kusini ya Turtledove vizuri kuliko neno lake mwenyewe.

Scipio ndiye mhusika aliyekamilika kuliko wote. Ni mnyapara wa nyumba katika shamba la Anne Colleton, aliyefundishwa na mabwana zake kusema Kiingereza cha kifahari ili awapendeze wageni. Akiwa na weusi wenzake husema lahaja ya mabondeni. Mwaka 1915 wafanyakazi wa shamba wanaanzisha uasi wa kikomunisti na kumwingiza kwa nguvu, ingawa anajua hesabu yao haitatimia. Baada ya uasi kuzimwa anatorokea Augusta, anabadili jina, anakuwa mhudumu wa mgahawa, na tangu hapo Kiingereza kile cha kifahari ni hatari kwake kuliko bunduki, kwa sababu yeyote atakayekisikia atamtambua. Kwa zaidi ya miaka ishirini mtu huyu anaificha nusu ya ulimi wake. Jinsi ya kuchagua lugha kulingana na aliyesimama mbele yako ni jambo ambalo wengi wetu tunalijua tangu utotoni. Sikuwahi kuliona limegeuzwa kuwa suala la kufa na kupona namna hii. Bibi Colleton anapoingia siku moja katika mgahawa huo na kumtazama usoni, hakuna kifaru wala ndege ya kivita katika juzuu zote kumi na moja iliyonitisha kama tukio lile la sahani na vitambaa vya meza.

Mwingine ni Cincinnatus, mpakizi wa mizigo wa Covington, Kentucky, ambaye jeshi la Kaskazini linapoukamata mji wake anaanza kuliendeshea malori. Kaskazini hawampendi, wanamhitaji tu. Jeshi linasonga kwa mgongo wake na halimpi cheo wala silaha. Hapa nilijiuliza swali ambalo si la haki kwa mwandishi, lakini sikuweza kulizuia. Katika vita vya kweli vya 1914 maelfu kwa maelfu ya wanaume wa pwani na bara walibeba mizigo ya majeshi ya Uingereza katika kampeni ya Afrika Mashariki, na jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako leo watu wananunua nyanya. Turtledove anawapa Wajerumani ushindi katika vita hivyo na hana hata mhusika mmoja wa Kiafrika barani Afrika wa kutuazima macho yake. Mfululizo unahusu Amerika, na ana haki ya kukaa huko. Hata hivyo, Cincinnatus ndiye aliyenifanya nimwone yule mpagazi asiyeandikwa, na kwa hilo namshukuru.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni kuanza na How Few Remain hata kama mtu anavutiwa zaidi na vita vya vifaru, kwa sababu inasimama yenyewe na inaweza kusomwa bila kujifunga na nyingine kumi. Asiyeijua historia ya Marekani ya karne ya 19 atapoteza nusu ya kejeli zake, kwa hiyo ni vyema kupitia kwanza habari fupi za Lincoln, Douglass na Custer. Kiingereza chake si kigumu, isipokuwa mazungumzo ya weusi wa mabondeni, ambayo yameandikwa kwa tahajia ya matamshi na yanahitaji kusomwa kwa sauti ndipo yaeleweke. Atakayeendelea aende na juzuu tatu za Vita Vikuu bila kuruka. Katika zile nne za mwisho, sioni aibu kumshauri afuate zamu za Pinkard, Scipio, Potter na Cincinnatus na kuzipitia haraka zile za makamanda. Mimi mwenyewe juzuu ya saba, yenye tukio la Richmond, nimeirudia mara mbili. Ya tisa, yenye Pittsburgh, nimempa jirani anayependa habari za vifaru, na sijamdai.